Usimwambie "Sema"

Dada mkubwa wa mume wangu ana sahani za maua ambazo hutolewa kabatini Jumapili tu, na Jumapili ile, baada ya kanisa, alizitoa akatupakulia kuku. Mimi humwita mulamwa, naye huniita hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo watu wa mkoa wa magharibi tunavyoita ndugu wa mume au mke wa kaka. Ni neno la heshima. Mimi naendelea kulitumia kwa kuwa mdomo umelizoea.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na nusu. Alinyoosha mkono kuelekea bakuli akasema, "Natata tutu."

Sauti ya k haikuwepo kinywani mwake. Kila penye k aliweka t, bila wasiwasi wowote. Kaka alikuwa tata, keki ilikuwa teti, kuku alikuwa tutu. Na nyanya yake aliye shambani, mama ya mume wangu, ambaye sote tunamwita Kukhu kwa lugha ya nyumbani, naye alikuwa Tutu. Kwangu mimi hilo halikuwa tatizo. Mtoto akitaka kuku nilimpa kuku, akitaka nyanya yake nilimpigia simu.

Mulamwa aliweka kijiko chini. "Ati unataka nini?"

"Tutu."

"Ngojeni! Mmesikia? Anataka kula Kukhu! Anataka kumla nyanya yake!"

Meza nzima ikacheka. Kulikuwa na wageni wawili wa kikundi chake cha kanisani, wanawake wenye kofia, nao walicheka kuliko wenye nyumba, kama watu wanaolipia chakula. Mulamwa akachukua simu yake akaielekeza kwa mtoto. "Sema tena, mami. Sema, kaka amekula keki."

"Tata ametula teti."

Wakacheka. Mwanzoni binti yangu alicheka nao. Mtoto wa umri huo hudhani kicheko ni zawadi. Akaambiwa aseme kikombe, akasema. Akaambiwa aseme kabeji, akasema. Kisha akanitazama mimi, halafu akatazama ile simu, akatia kidole mdomoni akanyamaza. "Sema basi," mulamwa akamhimiza, "sema kidogo tu, wageni wasikie." Mtoto hakusema. Hata kuku hakumla.

Lazima nieleze kitu kimoja kuhusu mulamwa. Anafanya kazi ofisini mjini, anaishi kwenye mtaa wenye geti na askari, na mpaka leo gari analiita "kari". Bado kwake ni "pado". Sijawahi kumcheka kwa hilo. Ulimi wa mtu umetoka mahali, na mimi wangu umetoka hapo hapo. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumsimamisha mbele ya wageni akamwambia sema gari. Hilo hakulifikiria, na sidhani kichwa chake kina nafasi ya kulifikiria.

Kabla hatujafika kwetu Kariobangi, video ilikuwa imeshafika kwenye kundi la familia. Watu wakatuma vile vichwa vya kucheka mpaka machozi. Mjomba mmoja, ambaye hajawahi kuuliza kama mtoto huyu anakula au anaugua, aliandika, "Leteni ingine."

"Ni mzaha tu," mume wangu akasema. "Dada yangu hana ubaya."

Mume wangu ni mtu mwema. Anafanya kazi Industrial Area, kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni, na jioni akirudi masikio yake bado yanavuma. Shida ni kwamba wema wake hulala mapema. Nilimwacha alale.

Kuanzia siku iliyofuata, binti yangu alianza kutumia kidole. Akitaka maji, anaonyesha mtungi. Akitaka kwenda haja, ananivuta nguo. Maneno yasiyo na k aliyasema kwa sauti ndogo, na yenye k hakuyasema kabisa. Nilishangaa alijuaje yapi ni yapi. Alikuwa amejifunza, mezani pale, katika muda wa kula kuku mmoja.

Kule nasari, mwalimu akaniita. Shule yenyewe iko juu ya duka la misumari na mabati, ina ukuta uliochorwa twiga, na inajiita akademia. Mwalimu alikuwa na mkufu mkubwa na haraka kubwa zaidi. Aliniambia mtoto wangu yuko nyuma, haongei darasani, na akasema dawa ni moja. "Mama, muongeleshe Kiingereza peke yake nyumbani. Hii Kiswahili yenu ndiyo inamchanganya."

"Kiingereza hakina k?" nikamuuliza.

Alinitazama kama niliyemwomba chumvi kanisani. Sikungoja jibu. Mtu anayedhani ulimi wa mtoto unanyooka kwa kubadilishiwa lugha, kama taulo linavyobadilishwa, hana la kunifundisha, wala hana la kumfundisha mtoto.

Jirani wa chini naye alikuwa na elimu yake. Alipanda ngazi mahususi kuja kuniambia kwamba ulimi wa mtoto umefungwa na kangozi, na kwamba kuna mzee Kiamaiko anayekakata kwa wembe, dakika moja, damu kidogo, mtoto anaongea kama redio. Kiamaiko ndiko soko la mbuzi na machinjio. Nilimuuliza kama mzee huyo ndiye pia huchinja mbuzi. Akanijibu bila kutabasamu, "Hapana, yeye huuza ngozi tu."

Nilimfungulia mlango ateremke.

Mwishowe nilimpeleka hospitali ya umma, kwa mtaalamu wa matamshi. Nilitarajia mtu wa makamo mwenye miwani. Nikakuta mwanamke kijana, angeweza kuwa mdogo wangu, ameketi sakafuni miguu wazi, mbele yake kuna kikombe cha plastiki, mwanasesere mwenye jicho moja na vifuniko vya chupa. Hakumsalimu mtoto. Alianza tu kumnywesha mwanasesere chai. Binti yangu alisimama nyuma ya sketi yangu kwa muda mrefu, kisha akatoka, akakaa, akaongeza sukari.

Walicheza hivyo mpaka mimi nikaanza kuudhika. Baadaye akatikisa vifuniko nyuma ya mgongo wake kuona kama anasikia, akamfanya apanue mdomo kama simba, akammulika kwa tochi.

"Ulimi hauna shida, mama. Asiuguse mtu na wembe." Nilikuwa sijamwambia habari za wembe. Bila shaka si mimi wa kwanza kutoka upande ule. "Sauti ya k hutengenezwa huku nyuma, karibu na koo. Yeye anaitengeneza mbele, kwenye meno, ndiyo inatoka t. Watoto wengi hupita hapo. Wengine hukawia kidogo. Akimaliza miaka minne bila dalili, mrudishe."

"Kwa hivyo dawa ni gani?"

"Kucheza naye nyumbani." Akanionyesha vitu vichache, vyote vya kitoto, kisha nilipomsimulia habari za ile video akaacha kutabasamu. "Na kuanzia leo usimwambie 'sema'. Mtu yeyote asimwambie. Neno hilo kwa mtoto ni mtihani, na huyu ameshafanyishwa mitihani ya kutosha. Akisema tutu, wewe jibu tu: ee, kuku, kuku anakunywa maji. Alisikie mara nyingi. Usimlazimishe arudie."

"Yaani umekaa foleni asubuhi yote kuambiwa ucheze?" mume wangu aliuliza jioni.

"Ndiyo."

"Na utacheza?"

Mimi hufuma sweta za shule nyumbani kwa mashine, na msimu wa kufungua shule ulikuwa karibu. Nyumba yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Mashine iko upande mmoja, kitanda upande wa pili, katikati mkeka. Nilisukuma makapu ya nyuzi ukutani, nikacheza.

Tulianza na mchezo wa kuchemsha maji. Tunasimama kwenye beseni, kila mmoja na funda dogo, tunainua kidevu tunayaacha maji yachemke kooni bila kuyameza. Aliupenda mpaka akalowesha magauni yake yote. Wa pili ulikuwa wa kukoroma. Tunalala chali mkekani, midomo wazi, tunakoroma kama wazee. Mtaalamu alikuwa amenieleza kwamba mtoto akilala chali, ulimi hurudi nyuma wenyewe, pale pale unapotakiwa. Wa tatu ulikuwa duka. Kuku alikuwa donge la uzi wa kijivu, kabeji uzi wa kijani, na pia tulikuwa na kikombe, kijiko na kitana kilichovunjika meno. Yeye ndiye mwenye duka. Mimi ndimi mteja mjinga, nisiyejua ninachotaka.

"Habari ya duka? Nimekuja kununua kuku. Huyu ni kuku?" Nanyanyua kijiko.

Alinitazama kwa huruma. "Hapana. Hicho tijito."

"Alaa! Kijiko! Mimi nilidhani kijiko ni kuku. Kuku ni yupi?"

"Huyu. Tutu."

"Huyu ndiye kuku! Kuku mzuri. Nifungie kuku."

Ndivyo ilivyokuwa, siku baada ya siku, huku sweta zinaningoja. Haipendezi kusimulia, mchezo wa mtoto ni jambo la kuchosha sana kwa mtu mzima, na anayesema vingine ana msichana wa kazi. Lakini kidole chake kilianza kupumzika. Kwenye duka lake alilazimika kuongea, kwa sababu mteja alikuwa mjinga kiasi kwamba asiposaidiwa angenunua kitana akadhani ni kabeji.

Jioni moja mume wangu aliingia na ovaroli lake akatukuta chali mkekani.

"Kuna nini?"

"Baba, lala," mtoto akamwamuru. "Toloma."

Nilidhani atacheka aende zake. Alivua viatu, akalala, akakoroma kwa ufundi ambao mimi nimekuwa nikiuvumilia tangu tuoane. Mtoto alimsikiliza kwa makini, akamwigiza. Walishindana. Kisha mmoja wao akanyamaza, kwa kuwa alikuwa amelala kweli, na hakuwa mtoto.

K ya kwanza ilikuja mchana. Nje ya dirisha letu hupita waya wa stima, na kunguru huketi hapo kungojea maganda yanayotupwa. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye mashine. Binti yangu alikuwa bado chali mkekani, akikoroma peke yake. Kunguru akalia. Na kutoka sakafuni nikasikia, wazi kabisa, "Kaa."

Akaketi wima akatazama nyuma yake, kuona ni nani aliyesema.

Sikupiga makofi. Nilikuwa nimeonywa nisifanye sherehe. Nilishika mashine kwa mikono miwili nikasema, "Kunguru amejibiwa." Akalala tena haraka, akamjibu mara nyingi, mpaka kunguru akaruka. Alipoketi, k ikapotea, ikawa "taa". Alipolala, ikarudi. Kwa wiki kadhaa binti yangu alikuwa mtu mwenye k ya kulala tu.

Ni wakati huo mulamwa alipokuja kututembelea. Tulimsikia tangu ghorofa ya kwanza akilalamikia ngazi. Alipofungua mlango tulikuwa watatu sakafuni, tumelala kama samaki kwenye karai.

"Nani amekufa?"

Mume wangu aliinuka akijifuta suruali. Mulamwa alikuwa na mwanawe, mvulana wa miaka mitano hivi, na mkononi tableti. Alikuwa amesikia kwamba tumemtembeza mtoto hospitali, akaona atuletee suluhisho. Mle ndani mlikuwa na mwanamke wa katuni anayetaja neno la Kiingereza. Mtoto akilirudia vizuri, nyota zinanyesha. Akikosea, kuna mlio kama wa mlango wa benki, na anaambiwa ajaribu tena.

"Huyu wangu ameongea kwa hii," akasema. "Hajui hata Kiswahili!" Alilisema kwa majivuno, kama mtu anayetangaza kwamba mwanawe hajawahi kuugua surua. Mvulana aliomba maji kwa lugha ya katuni, kwa sauti ya puani, na ikabidi mama yake atufasirie. Mtoto hana kosa. Lakini akizungumza na Kukhu kwa simu, wote wawili hubaki kusema halo, halo, mpaka simu ikatwe.

Mulamwa akamkalisha binti yangu mapajani. "Haya, mami. Sema keki."

"Mulamwa," nikasema, "hapa hatumwambii sema."

"Kwani ni sheria?"

"Ndiyo."

"Sheria ya nani?"

"Ya nyumba hii."

Akamgeukia mdogo wake. "Unasikia mke wako?"

Mume wangu alisikia. Alitazama mkeka, akasema chai iko karibu kuwa tayari, na haikuwa hata jikoni. Wakati huo binti yangu alikuwa ameshashuka mapajani. Aliilaza tableti kifudifudi, akamshika binamu yake mkono, akamwonyesha mkeka. Yule mvulana hakuelewa neno hata moja, lakini kulala kunaeleweka. Walikoroma. Mvulana aliangua kicheko, na mulamwa akamwambia ainuke, nguo zitachafuka. Walipoondoka, tableti waliondoka nayo.

K ikaendelea kuja, bila mpango. Kuku alikuwa "kutu", akawa "tuku", siku moja akawa kuku na kesho yake akarudi tutu. Halafu likaja jambo ambalo hakuna aliyenionya. Baada ya kuipata k, aliimwaga kila mahali. Taa ikawa kaa. Tumbo likawa kumbo. "Mama, kumbo linauma," alisema mbele ya jirani wa wembe, na jirani akatikisa kichwa akasema sasa ndiyo imeharibika kabisa. Nilimpigia mtaalamu. Alicheka, akasema hiyo ni dalili nzuri, niendelee kumwachia asikie. Nikaendelea. T ikarudi mahali pake yenyewe, na k ikabaki kwake. Siku moja nilikuja dukani kama kawaida na ujinga wangu, akaniambia, "Kalibu kastoma. Leo kuku hakuna, nunua kabeji," na hapo nikajua kazi hiyo imekwisha.

Siku ya kuzaliwa ya yule mvulana tulialikwa. Nisingeenda, lakini binti yangu alimtaka binamu yake. Sebule ilikuwa na maputo na watu, wale wanawake wa kofia wakiwemo. Kabla hatujakaa, mulamwa alipiga makofi.

"Wacheni kelele, njooni msikie huyu! Mami, kuja hapa. Unakula nini leo?"

"Keki," binti yangu akasema.

Watu wakangoja. Simu ilikuwa juu.

"Na nini ingine?"

"Kuku."

Sijawahi kuona sura za watu wazima zikianguka namna ile. Mtu angedhani mtoto amewanyang'anya kitu. Mwanamke mmoja wa kofia akamwuliza mwenzake kwa sauti, "Si ulisema ni yule wa tutu?"

Mulamwa hakushusha simu. Aliinama akabembeleza, na hilo ndilo sitalisahau, kwamba alibembeleza. "Aa, si hivyo. Sema vile ulikuwa unasema zamani. Sema tutu."

"Sitaki."

"Kidogo tu."

"Sitaki."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini sauti iliyotoka haikuwa yangu. "Dada," mume wangu akasema kutoka mlangoni, "umesikia. Hataki. Weka simu chini."

Hakupaza sauti. Katika familia ile yeye ndiye kitinda mimba, na sidhani aliwahi kumwambia dada yake aweke chochote chini. Mulamwa aliiweka. Kisha akasema, akiwatazama wageni kama mtu aliyeonewa, "Mmemharibu tu. Alikuwa anafurahisha."

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo kuliko linavyostahili. Mtu ambaye hajawahi kukaa sakafuni hata dakika moja na mtoto alitaka mtoto huyo abaki amekwama, ili Jumapili zake ziwe na kicheko. Wala si mwovu. Ningependa angekuwa mwovu, ningemheshimu kidogo. Ni mvivu wa moyo tu, na wavivu wa moyo wamejaa kila meza.

Tulikula keki, watoto wakalala chini ya meza wakakoroma, tukarudi nyumbani. Njiani mume wangu alimbeba mtoto begani, nami sikumsifu, asije akadhani amejenga daraja.

Jioni hiyo tulimpigia Kukhu. Binti yangu alimwita kwa jina lake zima. "Huyu ni nani?" mama mkwe akauliza. "Wangu huniita Tutu." Alilalamika kwamba hakuna aliyemwuliza kama anataka kubadilishiwa jina. Yeye peke yake nilimwelewa.

Siku hizi anaongea kuanzia anapofungua macho. Anaongea Sheng ya wenzake wa kwenye ngazi, anamsalimu baba yake "niaje", na mwalimu wa mkufu ananitumia ujumbe kwamba anapiga kelele darasani. Sijibu. Sauti ya r bado inamshinda, rafiki ni "lafiki", na mtaalamu amesema r ina wakati wake, nisiikimbilie. Mulamwa hajalisikia hilo, kwa kuwa Jumapili hatuendi tena kwake. Yule mvulana ndiye huletwa kwetu, na kuku tunamla hapa hapa mkekani.